Saa ya Mkono wa Kushoto

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Unaona, hata sasa nimeshainuka. Usinicheke. Wenzangu wa umri huu husimulia wameketi, miguu wameinyoosha, shuka begani. Mimi habari hii naisimulia nikizunguka, mara nigeuze nguo kwenye kamba, mara nifukuze kuku kwenye mahindi, maana nikitulia inaniuma upya. Lakini wewe kaa. Weka na hiyo simu chini, nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa mke mpya. Babu yenu Shija, ambaye leo mnamwona mzito wa kuinuka, alikuwa kijana mwembamba, fundi wa baiskeli na mashine za kusaga, mikono haitoki grisi. Mvua ikaangusha ukuta wa nyumba yetu, mama yangu akasema njooni mkae kwangu mpaka kiangazi, mfyatue tofali nyingine. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa akikaa peke yake nje kidogo ya Bariadi, upande wa kwenda Maswa. Tukahamia.

Sasa hapo ndipo penye mambo. Nyinyi wa leo mnapiga picha na wakwe zenu mmeshikana mabega, meno yote nje. Sisi hapana. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno haliendi moja kwa moja kutoka mdomo huu mpaka sikio lile. Si chuki, ni heshima, na ndani yake mna upendo mwingi kuliko hizo picha zenu. Shija akitaka kupita uani alikohoa kwanza, akakohoa mpaka majirani wakadhani ana kifua. Mama akisikia kikohozi aliingia jikoni na kugeukia ukuta. Mgeni angesema hawa wamegombana. Wapi! Mama alimwekea mnofu mzuri kila chungu kilipopakuliwa, na Shija alimpasulia kuni alfajiri kabla hajaamka.

Kila walichotaka kuambiana kilipita kwangu. "Nkwimba, mwambie mkwe wangu paa la jikoni linavuja." "Nkwimba, mwambie mayu nitapanda kesho nilizibe." Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu, kama umesahau huko mjini. Kutwa nzima mimi ni wa kwenda na kurudi.

Na mimi, mwanangu, sikuumbwa kusimama. Mtu akianza kuniambia jambo, miguu yangu imeshaanza safari. Mama yangu naye alikuwa mtu wa maneno yaliyokamilika. Hakusema "leta chumvi" hata siku moja. Alianza na hali yako, akaeleza chumvi ilivyokwisha, nani alikuja akaomba ya kutia kwenye mlenda, ndipo akakutuma. Nikajifunza kupunguza. Mama akinipa maneno ya kujaza debe, mimi nilimfikishia Shija kibaba. "Paa linavuja." "Kuni zimeisha." Shija naye akijibu kwa adabu, "Mwambie mayu nimepokea, namshukuru, na anisamehe nimechelewa," mimi nilimwambia mama, "Kasema sawa." Nilijiona mjanja kweli kweli. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Basi siku moja mwenye duka la barabarani, ambaye wakati huo ndiye peke yake mwenye simu pale kwetu, akamwita mama. Anayepiga alikuwa kaka yake mama, mjomba wangu wa Tabora. Huyo ndiye aliyemlea mama baada ya wazazi wao kufa. Walikuwa na jambo kati yao, la zamani sana, sisi watoto hatukuambiwa ni nini. Tulichojua ni kwamba walikuwa hawajaonana miaka mingi na kila mmoja akimtaja mwenzake sauti ilishuka. Sasa mjomba alikuwa mgonjwa, amelala. Akamwambia mama, "Njoo wewe mwenyewe. Nina neno nataka kukupa kabla sijaondoka, na neno hilo silitumi kwa mtu wala silisemi kwenye simu."

Mama alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Siku nzima akawa anarudia, "Silitumi kwa mtu. Umesikia, Nkwimba? Amesema halitumi kwa mtu." Akaanza kufunga mzigo hapo hapo. Mchele wa shambani, karanga, kitenge kipya cha kumpa wifi yake, na jogoo mmoja wa kubeba mkononi.

Treni ya kwenda Tabora hupita Malampaka, tena siku za kuchagua. Kazi ilikuwa kufika Malampaka. Mvua zile zilikuwa zimezoa daraja njia ya Maswa, mabasi yamekatisha safari, malori yamezama kwenye udongo mweusi wa mbuga mpaka madereva wakawa wanapika ugali chini ya bodi. Mtu wa miguu angepita, kwa kulala njiani. Pikipiki nayo ingepita kwa vijia vya ng'ombe, lakini hizi bodaboda zinazotupigia honi leo zilikuwa bado hazijatufikia.

Shija akaniambia, "Ile ya mzee je?"

Ile ya mzee ilikuwa ghalani, chini ya magunia ya pamba. Baba yangu alikuwa bwana shamba, na pikipiki ile ndiyo aliyozungukia vijiji, leo Kiloleli, kesho kutwa Bukundi huko Meatu, anakagua pamba za watu. Ilikuwa kubwa, ya Kijapani, ya zamani hata kwa wakati ule, tangi lake rangi ya damu ya mzee iliyopauka, na mbele ya usukani vidude viwili vya duara vyenye vioo. Mama alikuwa akipanda nyuma ya baba kwenda kanisani na mnadani. Baba alianguka nayo njia ya Kiloleli, akafa siku ile ile. Watu waliileta wakaisukumia ghalani, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Kuku walitagia juu ya kiti. Panya walikula nyaya.

Nilikwenda kumwuliza mama kama Shija anaweza kuigusa. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Akaendelea kuisugua, akasugua, nikaanza kuhama mguu huu na huu. Mwisho akasema, "Aiguse."

Aisee, Shija aliivamia! Alishusha tangi, akatia kokoto na mafuta ya taa, akanipa nitikise. Kazi hiyo ilinifaa. Nilitikisa nikizunguka nyumba, kutu ikatoka nyekundu kama chai ya rangi. Alifungua kabureta akazibua vitundu vyake kwa uzi wa waya. Alikwangua plagi, akafunga utepe nyaya zilizotafunwa, cheni akailaza kwenye oili chafu, tairi akazijaza viraka. Kisha akapiga kiki. Akapiga tena. Akavua shati, akapiga. Injini ikakohoa, ikatema moshi pamoja na punje za mahindi ambazo panya walikuwa wamezificha kwenye ekzosi, ikanguruma. Nikapiga vigelegele mpaka watu wakaja kuuliza nani amejifungua.

Mama hakutoka. Nilipochungulia jikoni nilimkuta amekaa chini, mikono kichwani. Mngurumo ule alikuwa hajausikia tangu mumewe afariki.

Zikabaki siku mbili tu treni ipite. Asubuhi mama akaniita.

"Nkwimba, keti nikutume."

"Nasikia nikiwa nimesimama, mama."

"Mwambie mkwe wangu nashukuru sana kwa mikono yake. Sasa, kuhusu zile saa za mbele..."

Mama aliviita saa, vile vidude vya duara, kwa sababu vina mshale. Nikasikia saa, nikajua nimeelewa. Mama akawa anaendelea, mimi nimeshageuka. Maneno ya katikati niliyasikia kwa mgongo. Nilipofika mlangoni nikasikia, "...sipandi mpaka isogee. Umenisikia?"

"Nimekusikia mama!" Nami niko uani.

Shija alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Nikamwambia, "Mama anasema tengeneza saa. Hapandi mpaka ifanye kazi."

"Saa ipi? Ziko mbili."

Hapo, mwanangu. Hapo hapo. Jikoni palikuwa pale, moshi wake unatuingia machoni, ningegeuza shingo tu na kuuliza. Badala yake nikazitazama zile saa mbili. Ya kushoto kioo chake kizima, imetulia kimya. Ya kulia kioo kimepasuka, mshale umelegea, unaning'inia. Nikasema, "Si hii? Huoni ndiyo iliyokufa?"

Shija akakuna kichwa. "Hii ya kulia ni ya kuonyesha injini inavyozunguka. Ya mwendo ni ya kushoto. Mayu ana shida gani na mzunguko wa injini?"

"Mimi nijuaje? Wazee hao. Tengeneza tu, muda unakwenda!"

Akatengeneza. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akatoa vumbi kwa unyoya wa kuku, akatia tone la mafuta ya cherehani, akaunyoosha mshale kwa ukucha kama anatoa mwiba kwa mtoto. Waya wake unaotoka kwenye injini ulikuwa umekatika. Bariadi nzima hakupata mwingine. Akauangalia waya wa ile saa ya kushoto: mzima, tena mrefu. Akauchomoa, akaukata upate urefu, akautia kulia. Mimi ndiye niliyemshikia koleo.

Siku ya safari ikafika. Treni ilikuwa ya alasiri, nasi tulikuwa uani jua halijakausha umande. Mama akatoka na mzigo wake na jogoo kwapani, Shija akageuka kutazama barabara. Tulikaa mshikaki: Shija mbele, mimi katikati, mama nyuma yangu. Hivyo heshima ilibaki mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa ukuta. Shija akapiga kiki, injini ikaitika, na mshale wa kulia ukaruka juu.

"Umeona mama! Saa inafanya kazi!"

Mama akachungulia juu ya bega langu. Nikausikia mkono wake unalegea kiunoni mwangu. Akashuka.

"Mama, treni!"

"Pikipiki imesimama," akasema, "na mshale unatembea. Unakwenda wapi huo mshale?"

Shija akazima injini. Nilidhani mama atanituma upya, nikawa tayari kuruka. Hakunitazama. Alinipita, akaenda akasimama mbele ya taa, ubavu wake kwa Shija, macho kwenye lile tangi lililopauka. Akaanza kuzungumza na pikipiki.

"Mwangaluka, pikipiki," akaisalimu, kama tunavyosalimiana asubuhi. "Umeamka, nami nimefurahi kukusikia. Nina maneno yangu, leo nakupa wewe. Nilisema kwamba namshukuru mkwe wangu kwa mikono yake. Nikasema, katika zile saa mbili mimi naitaka ya mkono wa kushoto, ile ya mwendo. Mume wangu alikuwa mtu wa haraka. Nilikaa nyuma yake miaka yote nikiitazama saa ile juu ya bega lake. Mshale ukipita pale tulipokubaliana, nilimfinya ubavu, naye akapunguza. Juma lile alilokufa, saa ile iliacha kusogea. Nikamwambia, itengeneze kwanza. Akasema, nitaitengeneza nikirudi kutoka Kiloleli. Hakurudi. Basi mimi nyuma ya mshale uliokufa sikai tena, hata kama anayeniita ni kaka yangu. Na nilisema jambo jingine. Nilisema, kama haiwezekani, mkwe wangu aniambie mapema, nianze kwa miguu, nilale Maswa kwa watu wa kanisa, nisiikose treni. Hayo ndiyo niliyosema. Nimengoja jibu mpaka leo asubuhi."

Nilikuwa nimebaki juu ya kiti, miguu inaning'inia. Habari ya saa ya baba kufa sikuwahi kuijua. Alikuwa ameniambia mimi kwa mara ya kwanza, kule jikoni, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Shija aliinamisha kichwa. Kisha naye akamjibu kupitia pikipiki, macho kwenye usukani. "Pikipiki, mwambie mayu naomba msamaha. Neno lililonifikia lilikuwa saa tu. Hii ya kushoto haikuwa imekufa. Waya wake ulikuwa umechomoka kule kwenye gurudumu, ni wa kubana kwa vidole. Nimeukata mimi. Anipe nafasi nitafute mwingine."

Wa kubana kwa vidole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo mama akanigeukia. "Nkwimba, nilikupa mzigo mzima, ukafika na kamba." Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kubisha. "Tupande hivyo hivyo mama! Shija ataendesha polepole, nitamwambia mimi!"

"Baba yako naye alisema atakwenda polepole."

Basi nikakimbia. Nilikimbia kwa jirani kuomba waya wa breki ya baiskeli yake, nikamkuta yuko shambani, nikakimbia shambani. Nilirudi nao kitenge kimejaa tope mpaka magotini. Shija akauingiza kwenye ganda la ule waya wa zamani, haukupita, akautoa, akaupaka mafuta, ukapita. Akauponda ncha kwa nyundo juu ya jiwe, zipate pembe za kushika. Ncha moja ikafumuka, akarudia. Jua lilikuwa linapanda nami nalitazama kama adui. Mama alikaa kwenye kizingiti, jogoo mapajani. Mwishoni Shija akainua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono, na mshale wa kushoto ukatikisika, ukanyanyuka kidogo, ukarudi. Akalizungusha tena, ukanyanyuka tena.

Mama alisimama akautazama. Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akapanda.

"Soma," akaniambia sikioni, kwa sababu akiwa nyuma yangu hakuiona saa vizuri. Nikasoma njia nzima. "Thelathini, mama. Thelathini na tano. Kumi, kuna tope." Alitaka tusipite arobaini, na Shija alipoikaribia mama alinifinya mimi ubavu, nami nikamfinya Shija. Tulipita kwenye vijia vya ng'ombe, tukashuka na kusukuma, tukavuka pale daraja lilipokuwa kwa kusaidiwa na vijana waliobeba pikipiki mabegani. Tulipoipita Maswa jua lilikuwa limeshapita utosi. Nilitamani kumwambia Shija kaza, kaza! Nilitamani kumsomea mama namba nyingine. Lakini nilisoma ile ile niliyoiona, kila mara, mpaka koo likakauka.

Malampaka tulikuta wachuuzi wanakunja vikapu vyao. Mwanamke mmoja muuza karanga alitutazama tulivyojaa tope, akasema, "Poleni jamani. Imeondoka sasa hivi tu."

Mama alishuka, akaenda mpaka kando ya reli, akatazama upande ilikokwenda. Jogoo wake kwapani. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nililia hadharani kama mtoto, Shija ananishika bega, nami namsukuma.

Shija akarudi nyumbani. Mimi na mama tukabaki Malampaka kungoja treni nyingine, tukilala kwa mama mmoja wa parokia aliyetuonea huruma. Ningekuambia jinsi nilivyoyahesabu mataruma ya reli ile, lakini utachoka. Treni ilikuja, nayo kwa kuchelewa. Tukafika Tabora.

Mjomba alikuwa hai. Tulipoambiwa hivyo getini niliruka kwa furaha. Kisha wifi yake mama akatushika mikono, akasema taratibu, "Juzi alikuwa anaongea vizuri tu. Kila kukicha anauliza, dada kafika? Jana kiharusi kimemrudia."

Alikuwa amelala upande, jicho moja wazi. Alipomwona mama, uso ule nusu ukachangamka, midomo ikaanza kuhangaika. Alitaka kusema. Jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ikasimama, anataka kusema, mwanangu! Mama akapiga magoti akatega sikio mdomoni pake. Ikatoka pumzi. Mama akamshika mkono akaanza kumwuliza. "Ni habari ya lile shamba? Ni habari ya mama yetu? Unataka nikusamehe? Au ni wewe unanisamehe mimi?" Kwa kila swali mjomba alimfinya mkono. Kwa kila swali, bila kubagua. Hatukuweza kujua ni lipi.

Alizikwa kabla hatujaondoka Tabora. Neno lake alikwenda nalo. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kujua kama kaka yake alimwita ili ampe msamaha au amwombe.

Tuliporudi nyumbani nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, hata anichape, tumalize. Akanipikia, akaniuliza kama mgongo unaniuma kwa safari. Asubuhi yake nikiwa ndani nasikia sauti yake uani. "Mwangaluka, pikipiki. Mwambie mkwe wangu tumerudi salama, na tumemzika kaka. Mwambie namshukuru kwa kutufikisha. Mwambie na mpini wa jembe langu umevunjika, si haraka, akipata nafasi." Na kutoka bandani Shija anaitika, "Pikipiki, mwambie mayu nampa pole nyingi. Mpini nauchonga leo."

Nikasimama mlangoni, sina la kubeba.

Tangu siku ile mpaka tulipomzika, mama yangu hakunituma tena neno kwa mume wangu. Alinipenda, usifikiri vingine. Ndiye aliyenipokelea watoto wangu wote, na mama yako akiwemo. Lakini maneno yake aliipa pikipiki. Hata tulipojenga kwetu, akija kututembelea alipitia kwanza pale ilipoegeshwa. Wakati mwingine nilimwambia, "Mama, nitume mimi basi, nimeshakua." Akanipapasa shavu. "Acha tu, mwanangu. Hii haina pa kwenda kabla sijamaliza." Niliionea wivu pikipiki. Chuma, mpira na kutu! Nilikuwa naifuta vumbi huku nataka kuipiga teke.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Mtu akikutuma neno, keti kwanza. Lisikie mpaka atakapofunga mdomo, hasa pale unapodhani umeshaelewa. Kisha mrudishie mbele yake kama alivyosema, na akisema hapana, mwambie aanze tena. Ukifika kule unakokwenda ukaulizwa "ipi?" nawe hujui, geuka ukaulize, utaonekana mjinga kwa muda wa kuvuka ua, basi, imekwisha. Neno la mtu si mali yako hata ulipunguze. Lile unaloliona la ziada huenda ndilo alilokuwa anatafuta nguvu ya kulisema, akalizungushia salamu na shukrani ili lipate kutoka. Na mzazi wako akishikilia kitu kidogo kinachokuudhi, saa, kiti, dirisha lifungwe, usiseme "wazee hao" kama nilivyosema mimi. Mwulize kwa nini, halafu umngoje ajibu. Tena kama yupo anayekuita akuambie jambo kwa mdomo wake, nenda leo. Ulimi wa mtu nao una siku yake ya kufungwa, na haijulikani.

Ondoka sasa, nimekuchosha. Mungu akufanye mtu wa kuaminiwa, mwanangu. Wakubwa wakupe maneno yao mazito bila kuogopa yatamwagikia wapi, na mama yako akuite wewe kwanza akiwa na lake. Na siku utakapokuwa umelala una neno, Mungu akuletee mtu mapema, aketi karibu nawe, akusikilize mpaka ulimalize.